Kupeleka familia mlimani kutoka visiwani: mwongozo wa safari fupi ya Lushoto

Unguja na Pemba hatuna mlima. Msitu wa Masingini, juu ya Bububu, ndio mwinuko mkubwa wa Unguja, na haufiki hata mita 130 kutoka usawa wa bahari. Mtoto wa kwetu akisoma skuli habari za baridi ya mlimani na mawingu yanayoshuka mpaka kwenye mapaa, anazisoma kama habari za nchi za watu. Na huku milima ya Usambara iko ng'ambo tu ya maji, kiasi kwamba siku ya anga safi ukisimama magharibi ya Pemba unaiona. Mji wa Lushoto uko kwenye mita 1,400 hivi, una nyumba za kulala wageni za kila bei, misikiti, soko, hospitali na njia za kutembea ambazo mtoto wa miaka sita anaziweza.

Nimeuandika mwongozo huu kwa familia yenye watoto, na pengine bibi au babu, ambayo haijawahi kupanda mlima. Nitarudia jambo moja mara nyingi kwa sababu kila kitu kinategemea hilo: pangeni safari kwa miguu ya aliye mnyonge kuliko wote. Baba anayeweza kutembea kilomita ishirini asihesabiwe kabisa katika mpango.

Hatua ya 1: Chagueni mwezi

Miezi ya masika, Machi mpaka Mei, iacheni. Njia za Usambara ni za udongo mwekundu, na ukirowa unateleza hasa; ukungu nao unafunga mpaka hamwoni chochote mlichokifuata. Vuli ya Oktoba mpaka Disemba ni nyepesi kidogo, lakini mchana mmoja wa mvua unatosha kuharibu siku ya mtoto.

Inabaki misimu miwili. Juni mpaka Septemba ni kukavu na anga ni nzuri, ila baridi ya usiku ni ya kweli: Julai joto linaweza kushuka mpaka kwenye nyuzi 10. Tena ni wakati wa kusi, na mwenye kichefuchefu cha bahari ajue mapema. Januari na Februari kuna joto zaidi na baridi ya usiku inavumilika. Mimi kwa familia yenye watoto wadogo nachagua Januari, na sikukuu ya Mapinduzi ya tarehe 12 inawapa wenye kazi siku ya kuanzia. Angalieni tu isigongane na Ramadhani wala mitihani.

Hatua ya 2: Hesabuni siku, kisha hesabuni mwendo

Kutoka mjini Unguja kwa boti na basi, wekeni siku sita tangu mnafunga mlango mpaka mnaufungua tena. Siku mbili za kwenda, mbili za mlimani, mbili za kurudi. Wengi wanataka kuzibana ziwe nne, na wanaoumia ni watoto, wanaofika mlimani wameshachoka na gari. Kama fedha inaruhusu, ndege ndogo kati ya Unguja, Pemba na Tanga inaokoa siku nzima kila upande.

Mwendo una hesabu yake. Wapanda milima wa Uskochi wana kanuni ya tangu mwaka 1892 inayosema: mtu mzima mwenye afya ahesabu saa moja kwa kila kilomita tano, na aongeze saa moja kwa kila mita 600 anazopanda. Hiyo ni ya mtu mzima asiyesimama. Kwa familia yenye mtoto chini ya miaka kumi, ichukueni jumla hiyo muizidishe mara mbili. Njia ambayo mwenyeji wa Lushoto atakwambieni ni "hapo tu, saa moja na nusu", kwenu ni saa tatu. Mwenyeji hasemi uongo, kapanda milima hiyo tangu hajaanza skuli.

Siku isizidi saa nne za kutembea, pamoja na kupumzika. Tokeni saa moja na nusu asubuhi baada ya chai, na mpange muwe mmerudi au mmeshafika pa kutulia kabla ya Adhuhuri. Mpango huo unakufaeni kwa mengi: jua halijakuwa kali, mawingu ya mchana hayajafunga, na sala hamuiwahi mbio. Mkichelewa, kila mmoja awe na chupa yake ya maji na mmoja abebe msala mwepesi.

Hatua ya 3: Mazoezi ya nyumbani, wiki sita kabla

Hatua hii ndiyo inayorukwa, na mimi ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote. Mguu wa mtu wa visiwani umezoea bapa. Kupanda kunachosha pumzi, lakini kushuka ndiko kunakouma magoti na vidole, na hakuna mazoezi ya kushuka isipokuwa kushuka kwenyewe.

Walio mjini waanze Masingini: asubuhi moja kila wiki, nendeni na kurudi kwenye mteremko, watoto wakiwa na mabegi yao mgongoni yenye maji na nguo moja. Wiki ya tatu au ya nne nendeni Jozani. Pale ni tambarare, lakini mnajifunza kutembea msituni kwa utaratibu: kufuata kiongozi, kutopiga makelele, kutazama mnapoweka mguu, kutowapa kima punju chakula. Njia ya mbao kwenye mikoko inawazoesha watoto kutembea mmoja nyuma ya mwengine bila kusukumana, na huo mwendo mtauhitaji mlimani.

Wapemba mna bahati. Kisiwa chenu ni vilima na mabonde mtindo mmoja, na mtoto anayepanda na kushuka kila siku kwenda skuli ameshafanya mazoezi bila ya kujua. Ongezeni asubuhi moja ya msitu wa Ngezi, kule kwa juu ya Konde, mkaangalie mivule na popo wakubwa wa Pemba, kisha mteremkie pwani ya Vumawimbi. Mkirudi na miguu haina malengelenge, viatu vyenu vinafaa.

Katika mazoezi hayo mtazameni kila mmoja. Nani anakuwa kimya anapochoka? Nani analia njaa mapema? Mtoto anayelalamika hana shida, mtamjua. Wa kumchunga ni yule mkubwa wa miaka kumi na mbili anayejikaza mbele ya wadogo zake mpaka akaanguka.

Hatua ya 4: Njia ya kufika

Kutoka Unguja, pandeni boti ya asubuhi kwenda Dar es Salaam, safari ya kama muda wa saa mbili. Laleni Dar usiku huo. Najua wapo watakaokwambieni kwamba mkitoka bandarini mbio mnawahi basi kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, siku ile ile. Pengine mtaliwahi, lakini mtafika Mombo usiku, na kutoka Mombo mpaka Lushoto ni kilomita 33 za kona juu ya kona, upande mmoja ukuta wa mawe na upande mwengine korongo. Barabara ile ipandeni mchana. Na ni hasara kuipita gizani, kwa sababu maporomoko ya Soni yako pale pale kando ya njia, na watoto wanayaona kutoka dirishani.

Siku ya pili pandeni basi la asubuhi linalokwenda Lushoto moja kwa moja, kupitia Chalinze, Segera, Korogwe na Mombo. Ni safari ya siku nzima, si ya nusu siku.

Kutoka Pemba njia ya karibu ni boti ya Mkoani kwenda Tanga, lakini haipo kila siku. Ulizeni bandarini ratiba ya wiki hiyo kabla hamjaomba ruhusa kazini. Kutoka Tanga kwenda Lushoto mnafika siku moja bila ya haraka.

Mtoto anayetapika garini akae mbele, macho yatazame njia, asichezee simu kwenye zile kona. Asipande na tumbo tupu wala lililoshiba urojo. Kipande cha mkate na chai ya tangawizi kinatosha. Mifuko ya kutapikia isiyovuja iwe mkononi, isiwe ndani ya begi lililoko kwenye buti.

Chukueni vitambulisho vya wakubwa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Vinatakiwa kwenye tiketi, na kwenye hifadhi ndivyo vinavyoonesha kwamba nyinyi ni raia na mnalipa kiingilio cha raia.

Hatua ya 5: Nguo na viatu

Hesabu ya baridi ni rahisi: kila mkipanda mita 100, joto linapungua kama nyuzi 0.6. Mjini kukiwa na 28, Lushoto tarajieni 20 mchana, na usiku chini ya hapo. Kwa mtoto aliyezaliwa Mwanakwerekwe hiyo ni baridi asiyoijua. Asubuhi ya kwanza, kama ni miezi ya baridi, atatoka nje, atasema neno, na ataona mvuke unatoka kinywani mwake. Atapuliza tena. Atamwita ndugu yake, na kabla ya chai watoto wote watakuwa uani wanashindana kupuliza moshi. Waacheni, lakini wawe wamevaa.

Vaeni nguo kwa tabaka: fulana, shati la mikono mirefu, sweta, na koti jepesi la mvua juu yake. Mkianza kupanda mnavua moja moja, mkisimama mnavaa. Sweta nzuri za watoto zinapatikana mitumba ya Darajani kwa bei ya kawaida, maana kwetu wanunuzi wake ni wachache. Kila mtu awe na soksi za akiba na kofia. Soksi zilizorowa ndizo zinazotoa malengelenge.

Kiatu ni raba yenye soli ya meno. Champali na kandambili ni za kuogea tu. Raba mpya isivaliwe mara ya kwanza mlimani. Ndiyo kazi ya zile asubuhi za Masingini. Ijaribuni kwa kushuka ngazi: vidole vikigonga mbele, ni ndogo. Na usiku wa kabla ya kutembea kateni kucha za miguu za watoto wote. Kucha ndefu kwenye mteremko wa saa moja inageuka nyeusi.

Kwa akina mama: baibui refu linakanyagika kwenye ngazi za udongo, hasa unaposhuka huku umemshika mtoto. Vaa suruali pana ndani na baibui linaloishia juu ya kifundo cha mguu, au gauni pana la urefu huo, na mtandio uubane kwa pini badala ya kuutupia begani. Chukua kanga doti mbili zaidi ya unavyodhani unahitaji. Kanga ni shuka, ni pazia la kubadilishia nguo, ni taulo, na ndiyo ya kumbebea mtoto aliyechoka. Mtoto wa miaka miwili mitatu mfungeni mgongoni, kanga ipite chini ya makalio yake na fundo likae juu ya kifua chako. Baba asimbebe mabegani wakati wa kushuka: hazioni nyayo zake vizuri, na uzito wa juu unamvuta mbele.

Hatua ya 6: Siku mbili za mlimani

Siku ya kwanza nendeni Irente. Kutoka mjini Lushoto ni kama kilomita sita, mwinuko wa taratibu, katikati ya mashamba ya mahindi, maharage na migomba ya Wasambaa. Naichagua kwanza kwa sababu moja kubwa: gari inafika mpaka juu. Kabla ya kutoka, patana na dereva mmoja wa teksi au bajaji, chukua namba yake, mwambie akufuateni kule juu saa tano na nusu. Mtu akishindwa njiani, mnapiga simu anakuja kumchukua, na wengine wanaendelea. Safari ya kwanza ya familia mlimani lazima iwe na mlango wa kutokea namna hii.

Bibi au babu asiyeweza kupanda apelekwe na gari mpaka kwenye shamba la Irente, karibu na mwisho wa njia. Pana bustani ya kukaa, wanauza mkate wao, jamu na jibini wanayotengeneza wenyewe, na hewa yake peke yake inamtosha mtu mzima. Wengine watampitia, wale pamoja, kisha wamalizie kipande kilichobaki.

Kule juu, ardhi inakatika ghafla. Mbele yenu ni mwamba ulioshuka karibu mita 1,000 mpaka tambarare ya Mazinde na mashamba ya mkonge, na nyuma yake nyika inakwenda mpaka macho yanachoka. Ni pazuri mno, na ni pa hatari. Kabla hamjafika ukingoni gawaneni: kila mtoto ana mkubwa mmoja, kwa jina, wa kumshika mkono, na mkono hauachiwi kwa ajili ya picha. Anayepiga picha asiwe na mtoto. Kaeni chini, msisimame kwenye miamba ya mwisho. Mkishatazama vya kutosha rudini nyuma hatua ishirini ndipo mfungue vitafunio.

Siku ya pili, kama miguu iko salama, ingieni msitu wa hifadhi ya mazingira asilia ya Magamba. Fikeni mpaka langoni kwa gari, msitembee barabarani. Nguvu ziwekeni kwa msitu. Kiingilio kinalipwa kwa Wakala wa Huduma za Misitu, na lazima muwe na kiongozi. Mwombeni njia fupi ya kuzunguka, na mwambieni wazi mbele ya watoto: "Sisi tunataka saa mbili, na tutasimama kila mtoto akitaka kutazama kitu." Kiongozi mzuri atafurahi. Bei mwafikiane kwa familia nzima kabla ya kuanza, si kwa kichwa baada ya kurudi.

Ndani mna mbega wenye manyoya meusi na meupe, wakubwa kuliko kima punju wetu, na vinyonga ambao kiongozi atawaona kwenye tawi wakati nyinyi mnatazama jani. Kama mkiona uwa dogo la zambarau kwenye mwamba wenye unyevu, lile linalouzwa madirishani Ulaya nzima, asili yake ni milima hii. Mjerumani mmoja aliyekuwa mtawala wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyelipeleka kwao miaka ya 1890, na Saintpaulia, jina la kitaalamu lililotumika kwa muda mrefu, limetoka kwake. Mwonesheni mtoto, msilichume. Suruali za watoto ziingizwe ndani ya soksi, kwa sababu ya siafu.

Mwendo msituni uwe hivi: kiongozi mbele, nyuma yake mtoto mdogo kuliko wote anayetembea mwenyewe, kisha wengine, na mkubwa mmoja wa mwisho asiyepitwa na mtu. Mdogo akiwa mbele, kundi zima linakwenda kwa mwendo wake na hakuna anayeachwa akilia nyuma. Kila nusu saa simameni dakika tano, kila mtu anywe maji, hata anayesema hana kiu.

Mchana wa siku hiyo nendeni sokoni Lushoto. Watoto wachague karoti zenye majani yake, peasi na matunda damu kama ni msimu wake.

Hatua ya 7: Chakula na maji

Chakula halali si shida, Lushoto ina Waislamu wengi na mikahawa ya kawaida. Cha kubeba njiani kiwe kile mtoto anachokijua, kwa sababu mtoto aliyechoka hali kitu kigeni: tende, kashata, visheti, mayai ya kuchemsha, ndizi. Mkate wa ajemi hausagiki ndani ya begi na unashibisha. Maji, lita moja kwa kila mtoto na moja na nusu kwa mkubwa. Ya mto msinywe hata yakiwa safi kama kioo, juu yake kuna ng'ombe na watu wanafua.

Hatua ya 8: Afya

Watu wengi huuliza kuhusu ule ugonjwa wa mwinuko wanaousikia kwa wapanda Kilimanjaro. Huo kwa kawaida huanza kusumbua juu ya mita 2,500, na nyinyi hamfiki huko. Mkihema, ni kule kupanda na si hewa. Mwenye pumu aende na pampu yake mfukoni mwake mwenyewe, kwani hewa ya baridi inaweza kuichokoza. Mwenye presha au moyo amwone daktari kabla. Mjamzito wa miezi ya mwisho abaki na bibi shambani.

Mfuko wa dawa: plasta, bendeji, dawa ya kusafishia jeraha, paracetamol kwa uzito wa kila mtoto, chumvichumvi (ORS) ya kumpa anayeharisha, mafuta ya kupaka midomo, na dawa ya kila siku ya anayetumia, ya siku mbili zaidi. Plasta ibandikwe mtoto anaposema kiatu kinamkera, lengelenge lisisubiriwe. Namba ya dharura nchi nzima ni 112.

Kuna moja linalotuhusu sisi wa visiwani kuliko wengine. Malaria Zanzibar imepungua sana, na sehemu kubwa ya wagonjwa wanaopatikana sasa ni watu waliotoka safari bara. Lushoto kwenyewe kuna baridi na mbu ni wachache, lakini mtalala Dar au Tanga, na Mombo kuko chini kwenye joto. Chukueni vyandarua vyenu, msitegemee vya nyumba ya wageni, na jioni watoto wavae mikono mirefu na wapakwe dawa ya mbu. Mkisharudi, mtoto au mkubwa yeyote akipata homa ndani ya mwezi mmoja, msimpe paracetamol mkasubiri. Mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo akapimwe damu, na mwambieni daktari tangu mwanzo kwamba alikuwa bara na tarehe aliyorudi.